UZI: Rezini ya polistirini kama kichocheo cha asidi kwa mawese yaliyochacha. Inafaa hapa Lubumbashi, au tubaki na asidi ya majimaji?

KijanaKatuba
Wakubwa, salamu. Mafuta ya mawese yamekaa sana kwenye bidoni, namba ya asidi ni 24 (miligramu za potasi kostiki zinazotakiwa kuua asidi iliyo ndani ya gramu moja ya mafuta). Yanatakiwa yawe dizeli ya jenereta, lakini ukiweka potasi kostiki moja kwa moja yanageuka sabuni. Najua wengi wanapitisha kwanza asidi salfuriki na methanoli. Nasikia rezini, yaani punje za plastiki ya polistirini zenye salfoniki (vikundi vya asidi vilivyoshikiliwa humo), zinafanya kazi ileile, kisha unazichuja na kuzitumia tena. Nina mfuko mpya wa rezini ya kulainisha maji. Mtu mwingine anauza rezini iliyotoka kiwanda cha kobalti. Wa tatu anasema nichukue povu jeupe la kufungia televisheni, nilichemshe kwenye asidi, nitapata kichocheo cha bure. Nishike lipi? Naomba vipimo.

Ingenia_Kipushi
Mdogo wangu, katika hayo matatu hakuna hata moja la kutumbukiza kama lilivyo.

Rezini ya kulainisha maji ni polistirini iliyofungwa kwa divinilibenzini, kwa kawaida karibu asilimia 8, na imebeba sodiamu. Chumvi ya sodiamu si asidi, kwa hiyo hapo ilipo haichochei chochote. Unaweza kuigeuza iwe ya asidi, nitaeleza chini, lakini bado ni aina ya jeli. Jeli haina vitundu vya kudumu. Inafunguka tu inapovimba ndani ya maji au methanoli, na ndani ya mafuta inajifunga. Asidi nyingi iliyomo katikati ya punje haikutani na mafuta kabisa, unafanya kazi na ngozi ya juu tu.

Unachotaka ni rezini ya vitundu vikubwa. Hiyo ina divinilibenzini inayofika asilimia 20, na ilipotengenezwa iliwekewa kiyeyusho ambacho baadaye kilitolewa, kikaacha njia zilizo wazi hata punje ikiwa kavu. Amberlyst 15 ndiyo mfano unaotajwa kila mahali: milimoli 4.7 za asidi kwa gramu kavu, vitundu vya wastani wa nanomita 30, mwisho wa joto sentigredi 120. Angalia vizuri: rezini ya jeli nayo ina asidi karibu hiyohiyo kwa gramu. Kwenye karatasi zinalingana, kwenye mafuta hazilingani. Muuzaji akikutajia namba ya asidi peke yake, muulize pia aina ya vitundu.

Ya kiwanda cha kobalti, iache. Nyingi zinazotumika kusafisha maji ya kobalti yasiwe na shaba au nikeli zina vikundi vya iminodiasetiki. Zimetengenezwa kukamata metali, asidi yake ni dhaifu, na ukizipata zimetumika zimejaa metali tayari.

MtuWaKampemba
Ingenia, kwa heshima yote, huu ni mji wa asidi salfuriki. Viwanda vyote vya shaba vinaishi kwa hiyo. Mtu aagize rezini kutoka ng'ambo ili akwepe kitu kinachopatikana hapa? Weka asidi asilimia 1 ya uzito wa mafuta, methanoli, moto, saa moja au mbili, basi.

Ingenia_Kipushi
Kwa bidoni moja kwa mwezi uko sahihi kabisa, na mimi nisingenunua rezini.

Hesabu inabadilika ukifanya kila siku. Asilimia 1 kwenye kilo moja ya mafuta ni gramu 10 za asidi. Kuiua, yaani kuifanya isiwe asidi tena, kabla ya hatua ya potasi (hatua ya pili, potasi na methanoli zinapogeuza mafuta kuwa dizeli) kunataka soda kostiki gramu 8.2, na hiyo yote inakuwa chumvi ndani ya mafuta yako. Usipoiua, inakula potasi ya hatua ya pili, na mtu anaongeza potasi bila kujua kwa nini haitoshi. Chombo cha chuma cha kawaida kinaliwa, na chuma kilicholiwa kinaingia kwenye mafuta. Rezini inaondoa hayo yote kwa kuchuja. Ila ina masharti yake: haitaki maji, haitaki chumvi ya aina yoyote. Gharama halisi ni kusafisha mafuta kabla hayajaigusa. Asiyetaka kusafisha, abaki na asidi ya majimaji.

Yaya_Polima
Nijibu la povu, maana linazunguka sana mitandaoni.

Povu la televisheni ni polistirini tupu, nyuzi ndefu zisizofungana. Ukiipa salfoniki, kadiri vikundi vinavyoongezeka ndivyo inavyopenda maji, mpaka inayeyuka. Unapata ute wa kahawia usiochujika, na ukiutia kwenye methanoli unayeyuka humo pia. Huo ni asidi ya majimaji yenye bei ya usumbufu. Kinachofanya punje ibaki punje ni divinilibenzini inayofunga nyuzi moja na nyingine. Bila hiyo hakuna rezini.

Mwenye labo yenye kabati la kuvuta mvuke anaweza kutengeneza ya kweli, kiasi kidogo cha kujifunzia. Kwa gramu 20 za monoma (majimaji yanayoungana kuwa polima): divinilibenzini ya dukani mara nyingi ni asilimia 55, iliyobaki ni ethilivinilibenzini. Ukitaka asilimia 20 safi unahitaji gramu 4, yaani gramu 7.3 za ile ya dukani, na stirini gramu 12.7. Zote mbili zinakuja na kizuizi (dawa ya kuzuia zisigande zenyewe), zioshe kwa soda kostiki asilimia 10, kisha maji, kisha zikaushe. Usipoosha, utasubiri saa nyingi bila kitu kuganda. Ongeza toluini na heptani, jumla gramu 20. Hizo ndizo zitakazoacha vitundu. Peroksaidi ya benzoili gramu 0.2. Hiyo peroksaidi inalipuka ikiwa kavu na ikisuguliwa: ichote kwa kijiko cha plastiki, usiisage.

Upande wa maji: mililita 200 zenye pombe ya polivinili asilimia 1. Mimina mchanganyiko wa monoma ndani ya maji, korogesha kwa mkono wa juu (kikorogeo cha mota kinachoshuka kutoka juu) mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika, joto 80, saa 6 hadi 8, kisha 90 kwa saa 2. Mzunguko ndio unaoamua ukubwa wa punje: ukiongeza kasi unapata ndogo. Baada ya kuanza, usibadilishe.

Sasa tatizo la kwetu. Kuna kipindi punje zinanata, si majimaji tena na bado hazijawa ngumu. Umeme ukikatika hapo, mkorogo unasimama, na baada ya dakika chache unakuta tofali moja limeshika mkono wa kikorogeo. Tena joto la mmenyuko linabaki ndani bila pa kwenda. Kikorogeo kiunganishwe na betri na inveta kabla hujawasha moto. Hita inaweza kuzimika bila madhara makubwa, kikorogeo hapana.

Kuweka salfoniki: gramu 10 za punje kavu, zilizooshwa toluini na heptani zikatoka zote, zivimbishe kwenye dikloroithani kwa nusu saa (hiyo ni sumu ya kansa, ndani ya kabati tu), kisha asidi salfuriki ya asilimia 98 mililita 100, sentigredi 80, saa 6. Baada ya hapo watu wengi wanaharibu kila kitu kwa kumwaga maji. Punje iliyojaa asidi kali ikikutana na maji matupu inavuta maji kwa nguvu na kupasuka. Punguza kwa ngazi: asidi asilimia 70, kisha 50, 25, 10, mwisho maji. Kila ngazi isubiri nusu saa. Na asidi ndiyo inayoingia kwenye maji unapotayarisha ngazi hizo, kamwe si maji kwenye asidi.

Kikomo cha hesabu ni milimoli 5.4 kwa gramu, kila pete ikiwa na salfoniki moja. Ukipima ukapata 6, kuna asidi ambayo haijaoshwa.

KijanaKatuba
Aksanti yaya. Kwa hiyo kutengeneza naacha. Nitaagiza ya vitundu vikubwa. Lakini hii ya kulainisha maji naweza kuigeuza nijizoeze kwanza?

MamaBureti
Igeuze, ujifunze kupima kwayo. Kupima ndiko kutakuokoa baadaye.

Lita moja ya rezini hiyo ina karibu moli 1.8 za nafasi za kushika sodiamu au asidi. Pitisha asidi hidrokloriki asilimia 7, lita 4, taratibu, isipungue saa moja. Hiyo ni mara nne ya mahitaji, na unahitaji ziada hiyo kwa sababu mwisho wa kubadilishana unakuwa mvivu. Ndoo za plastiki, si za chuma. Suuza kwa maji yaliyotolewa madini mpaka maji yanayotoka yafanane na yanayoingia, na tone la nitrati ya fedha lisifanye wingu jeupe.

Usisuuze kwa maji ya kisima. Mengi ya huku yanapita kwenye mawe ya dolomiti, yana kalisi na magnesi, na rezini ya asidi inazikamata palepale. Maji yenye milimoli 3 za ugumu kwa lita yanakula nafasi milimoli 6 kwa kila lita. Suuza kwa lita 100 na umepoteza theluthi ya kazi yako yote huku ukidhani unasafisha.

Ukitaka kutumia asidi salfuriki kwa kuwa ni rahisi kuipata, na rezini imeshawahi kulainisha maji, angalia kalisi. Itaganda ndani ya punje kama jasi na haitoki tena. Tanguliza chumvi ya jikoni asilimia 10 kuitoa kalisi, kisha asidi salfuriki asilimia 2 kwa kasi, ndipo upande hadi 5.

Kupima: kausha kiasi kidogo kwa sentigredi 105 usiku mzima, ipoe kwenye chombo kisichoingia unyevu. Pima gramu 1.00. Tia kwenye mililita 100 za chumvi ya moli 1, yaani gramu 58.4 kwa lita. Iache usiku mzima, ukiitikisa mara kwa mara. Chukua mililita 25 za maji ya juu, titisha, yaani dondoshea soda kostiki ya moli 0.1 kwa lita kidogo kidogo, ukiwa umetia fenolfitalini, mpaka rangi ya waridi ibaki. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.4, gawa kwa uzito. Rezini ya milimoli 4.7 kwa gramu itakula mililita 11.75. Usititishe pamoja na punje ndani, rangi ya waridi itakuwa inafifia na hutajua ulipofika.

KijanaKatuba
Mama, na mafuta yenyewe? Namba 24, kilo moja kwa mfano.

MamaBureti
Namba 24 ni asidi huru karibu asilimia 11 ukiihesabu kama ya palmitiki. Gawa 24 kwa 56.1: kwa kilo moja una moli 0.43. Methanoli moli 20 kwa kila moli ya asidi: gramu 274, karibu mililita 347. Rezini gramu 50 kavu. Maji yatakayozaliwa ni gramu 7.7. Yanaonekana kidogo, lakini ndiyo yatakayokusimamisha, nitarudi hapo.

Kabla ya rezini, toa ute wa mafuta. Mawese ghafi yana fosfatidi (ndizo ute huo) zilizobeba kalisi, magnesi na chuma. Pasha hadi 80 au 90, tia asidi fosforiki ya asilimia 85 kiasi cha gramu 1 kwa kilo, korogesha robo saa, ongeza maji asilimia 3, iache itulie, mwaga chini. Osha tena kwa maji moto mpaka maji yatoke bila ukali wa asidi. Kausha kwa kupasha hadi 110 mpaka yaache kutoa milio.

Mafuta yaliyokaangia samaki ni mabaya zaidi, kwa sababu ya chumvi. Gramu moja ya chumvi ya jikoni inakula milimoli 17. Rezini yako yote, gramu 50, ina milimoli 235. Gramu moja tu imeondoa asilimia 7, na badala yake imetoa asidi hidrokloriki ndani ya chombo. Ukiona chuma cha pua kinaanza kutoboka vidoavidoa, usilaumu rezini. Chumvi ndiyo iliyofanya hivyo.

Ingenia_Kipushi
Niongeze mambo mawili ambayo vitabu havisemi kwa sababu vimeandikwa kwa watu wa pwani.

Lubumbashi tuko karibu mita 1,200 juu. Methanoli haichemki kwa 64.7 hapa, inachemka karibu 61. Ukiweka kidhibiti kwenye 65 kama kitabu kinavyosema, unachemsha mfululizo, na kipozeo kikiwa dhaifu methanoli inatoroka ndani ya chumba. Mwali wake mchana hauonekani, na mililita 10 zikinyweka zinaweza kupofusha mtu. Weka 57 au 58, kipozeo kiwe na maji baridi, hakuna moto wa wazi, hita ya umeme iliyofungwa. Umeme ukikatika, maji ya kipozeo yakisimama, hita nayo iwe imekatika. Ukiwasha jenereta, isiwe chumba kimoja.

La pili ni unyevu. Rezini mara nyingi inauzwa ikiwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Maji hayo yanakumbatia salfoniki na kufukuza mafuta. Kuitia ikiwa mbichi kwenye mafuta ni kupoteza siku. Iloweke kwenye methanoli ya ujazo sawa na wake, nusu saa, mwaga, rudia mara tatu. Mwago wa kwanza ukitoka wa kahawia, ni kawaida, ni vipande vya polima na asidi huru kutoka kiwandani. Ukiendelea kutoka wa asidi baada ya wa tatu, usianze kazi: asidi hiyo iliyo huru ndiyo itakayofanya mmenyuko, utaisifu rezini bure, na mzunguko wa pili utashangaa nguvu imekwenda wapi.

Chupa_ya_Labo
Hilo la asidi iliyotoroka lina kipimo rahisi. Katikati ya mmenyuko chuja rezini yote ikiwa bado moto, endeleza yale mafuta peke yake kwa joto lilelile saa mbili, titisha mwanzo na mwisho. Namba ikiendelea kushuka kwa kasi, kichocheo kiko kwenye majimaji. Ikisimama, ni punje. Wanaofunga paladiamu (metali inayotumika kama kichocheo) kwenye polistirini wanatumia kipimo hichohicho, na huko ndiko wengi wanaumbuka, maana metali inaachia polima mmenyuko ukiwa moto, inafanya kazi ndani ya majimaji, na sehemu yake inarudi kukaa kwenye punje ukipoza. Ukichuja baridi huoni kitu.

KijanaKatuba
Kukorogesha je? Nina kile cha sumaku.

Ingenia_Kipushi
Kwa punje, hapana. Sumaku inazisaga chini ya chombo. Baada ya mizunguko michache una unga unaopita kwenye chujio, unaingia kwenye hatua ya potasi unakula potasi, na mwisho unafika kwenye nozeli za jenereta. Tumia mkono wa juu, bawa lisiguse chini. Au tia rezini kwenye kikapu cha wavu wa chuma cha pua wenye macho ya milimita 0.25, maana punje ni za milimita 0.3 hadi 1.2.

Ukitaka kuiweka kwenye bomba la kioo na kupitisha mafuta kwa pampu, jihadhari na kuvimba. Gramu 50 kavu ni kama mililita 80. Zikilowa maji zinafika karibu 140. Mtu akijaza bomba kwa rezini kavu halafu akamimina maji, kioo kinapasuka. Ilowe nje kwanza, kisha ujaze bomba nusu tu. Mtiririko utoke chini kwenda juu.

MamaBureti
Narudi kwenye maji yanayozaliwa. Kila saa toa sampuli, iache itengane, chukua tabaka la mafuta, fukuza methanoli kwenye maji moto, ndipo upime uzito na kutitisha. Usipofukuza methanoli, uzito ni wa uongo na namba itaonekana imeshuka kuliko kweli. Lengo ni chini ya 2.

Rezini ni mvivu kuliko asidi ya majimaji, hesabu nusu siku. Namba ikisimama, tuseme kwenye 5, na sampuli mbili mfululizo hazishuki, kuongeza saa hakusaidii. Maji yameshalingana na mmenyuko. Mwaga methanoli yote yenye maji, tia mpya kavu, endelea. Kuongeza rezini hapo pia hakusaidii, kwa sababu kichocheo kinafikisha haraka, hakisogezi mwisho.

MtuWaKampemba
Sawa, na ikichoka baada ya mara kadhaa? Watu wanatupa tu.

MamaBureti
Pima kwanza, ndipo utajua ugonjwa. Osha kwa methanoli, kausha, titisha kama nilivyoandika juu.

Asidi bado iko juu, mfano 4.5, lakini kazi ni polepole: vitundu vimezibwa na mafuta au ute. Heksani mara mbili, kisha methanoli mara tatu.

Asidi imeshuka, mfano 2: pitisha asidi hidrokloriki asilimia 7, suuza, pima tena. Ikirudi, ilikuwa sodiamu, kalisi au chuma, na kosa liko kwenye kusafisha mafuta. Punje zilizogeuka za kutu zinataka asilimia 10 na muda mrefu. Isiporudi, salfoniki zenyewe zimeng'oka, kuna siku joto lilipita 120, mara nyingi kwenye tanuri ya kukaushia na si kwenye mmenyuko. Hiyo haina dawa.

Chanzo kingine ambacho watu hawakifikirii ni methanoli iliyorudishwa kutoka hatua ya potasi. Ina potasi na sabuni. Ukiirudisha kwenye rezini bila kuikeneka, mzunguko mmoja unatosha kuiua.

KijanaKatuba
Methanoli ya hatua ya rezini yenyewe inakenekeka? Na rezini iliyokufa nichome?

Yaya_Polima
Inakenekeka. Methanoli na maji havishikani kwenye mvuke kama etanoli inavyofanya, kwa hiyo mnara mrefu kidogo wenye vipande vya kioo ndani unatosha. Chukua kinachotoka kabla kipimajoto cha juu hakijaanza kupanda kutoka 61. Ukitaka ikauke zaidi, iache siku moja juu ya chujio la molekuli la 3A (punje zinazonyonya maji) lililopashwa kwanza.

Rezini usichome, salfoniki inatoa dioksaidi ya salfa. Isuuze methanoli yote itoke, iue kwa magadi mpaka maji yasiwe na ukali, kausha, weka kwenye ndoo yenye kifuniko na jina juu. Na kabla hujaiita imekufa, ile ya jeli uliyoigeuza kwa mazoezi irudishe kwenye sodiamu kwa chumvi asilimia 10. Bado italainisha maji ya kisima vizuri tu.